Urafiki wa Kweli na Wema katika Fikra za Wayunani wa Kale: Hoja, Fani na Wakati

Utangulizi

Wasomaji wengi wa maandishi ya falsafa huyasaka mawazo na kuiacha fani, kana kwamba fani ni ganda la kutupwa mara tu kokwa inapopatikana. Makala haya yanakusudia kuonyesha hasara ya usomaji wa aina hiyo kwa kuchunguza suala moja, nalo ni uhusiano uliopo baina ya urafiki wa kweli na wema katika fikra za Wayunani wa kale. Tutayapitia maandishi matatu: majadiliano ya Plato yaitwayo Lysis, kitabu cha nane na cha tisa cha Maadili ya Nicomachus, kazi ya Aristotle, na shairi fupi ambalo Aristotle huyohuyo alilitunga kwa kumkumbuka rafiki yake Hermias.

Suala lenyewe linaweza kuelezwa hivi. Wanafalsafa hao wanatuelekeza kwenye rai kwamba rafiki wa kweli hupendwa kwa ajili ya wema wake. Rai hii yapendeza kuisikia, lakini ina mtego. Ikiwa ninampenda rafiki yangu kwa sababu ni mwema, je, ninampenda yeye ama ninaupenda wema uliomo ndani yake? Na akitokea mtu mwingine anayemzidi kwa wema, kuna sababu gani ya kutomwacha wa kwanza na kumwandama wa pili? Katika insha aliyoichapisha mwaka wa 1973, Gregory Vlastos alidai kwamba katika nadharia ya Plato mtu binafsi, kwa upekee wake, hapendwi kamwe; kinachopendwa ni sifa njema zinazojitokeza kwake. Shtaka hili ni zito. Kama ni la haki, basi urafiki wa wema, ambao ulikusudiwa kuwa kilele cha mahusiano ya watu, ni baridi kuliko urafiki wa walevi wawili wanaofahamiana kwa majina.

Msimamo wetu ni kwamba shtaka hilo lina nguvu pale tunapozingatia hoja za Socrates peke yake, lakini hupungua nguvu tunapoisoma Lysis kama kazi ya sanaa yenye wahusika, mandhari na mwisho. Aidha, tutaonyesha kwamba Aristotle alilijibu suala hili kwa kuingiza jambo ambalo hoja za mwalimu wake hazikulipa nafasi, yaani wakati.

Istilahi na Matatizo Yake

Kabla ya kuingia katika maandishi yenyewe, pana haja ya kuyaangalia maneno mawili ya Kiyunani, kwani tafsiri huweza kutupotosha. Neno la kwanza ni philia. Kwa kawaida sisi hulifasiri kuwa urafiki, lakini upeo wake ni mpana zaidi. Mapenzi ya mzazi kwa mwana, maelewano ya raia wa mji mmoja, uhusiano wa mwenyeji na mgeni, hata ushirika wa wafanyabiashara, yote haya Aristotle huyaweka chini ya neno hilo moja. Neno la pili ni arete. Tutalifasiri kuwa wema, lakini msomaji akumbuke kwamba kwa Wayunani hata jicho lina arete yake, ambayo ni kuona vizuri, na farasi ana yake, ambayo ni kukimbia vizuri na kumhimili mpandaji. Wema wa mtu, kwa hiyo, si upole tu wala si utiifu wa sheria. Ni ule ubora unaomwezesha kuitenda vyema kazi ya kuwa mtu.

Lugha yetu nayo haikosi msimamo wake katika jambo hili. Methali isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki hukipima urafiki kwa kitenzi cha kufaa. Kwa mizani ya Aristotle, methali hiyo ingehesabiwa upande wa manufaa, ingawa manufaa yenyewe ni ya kiungwana. Neno rafiki, kwa upande mwingine, tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni mwandani, hasa mwandani wa safari. Hapa kinachotiliwa mkazo si faida bali njia iliyopitwa pamoja. Tutaona kwamba mvutano huu baina ya kufaa na kuandamana ndio hasa uliowashughulisha Wayunani.

Lysis: Hoja Inaposhindwa na Tukio Linaposema

Lysis huanzia njiani. Socrates anatoka Akademia kuelekea Lykeio, nje ya ukuta wa Athens, anapokutana na kundi la vijana karibu na uwanja mpya wa mieleka. Mmoja wao, Hippothales, amezama katika mapenzi ya kijana aitwaye Lysis, naye amewachosha wenzake kwa mashairi ya kumsifu: utajiri wa wazee wake, farasi wao, ushindi wao katika michezo ya Pytho, Isthmos na Nemea. Socrates anamkosoa bila kumwonea haya. Anayemsifu ampendaye kabla ya kumpata, asema, ni kama mwindaji anayemtisha mnyama mwenyewe, kwa kuwa sifa humtia mtu kiburi na kumfanya awe mgumu kunaswa. Mhakiki wa fasihi hawezi kuipuuza sehemu hii. Kabla swali la rafiki halijaulizwa, Plato ameshatuwekea mfano wa upendo usio urafiki, na ameuweka katika umbo la ushairi wa sifa. Hippothales anasifu ukoo na mali. Hajasema neno lolote na Lysis mwenyewe. Katika majadiliano yote anabaki amejificha nyuma ya watu, akisikiliza.

Ndani ya uwanja ni sikukuu ya Hermes. Vijana wamekwisha kutoa kafara, wengine wanacheza kwa vifupa. Lysis yupo na rafiki yake Menexenus. Socrates anawauliza ni nani kati yao aliye mkubwa kwa umri; wanasema wanabishana juu ya hilo. Ni nani wa ukoo bora zaidi? Wanabishana vilevile. Ni nani mzuri zaidi wa sura? Wote wawili wanacheka. Kuhusu mali hawaulizi, kwa kuwa mali ya marafiki ni ya shirika. Alikuwa karibu kuwauliza ni nani mwenye haki na hekima zaidi, ndipo Menexenus akaitwa kwenda kushughulikia mambo ya ibada.

Kwa maoni yetu, kicheko hicho ndicho ushahidi mkubwa zaidi wa urafiki katika kazi nzima, nacho kinatokea kabla hoja haijaanza. Vijana hawa wawili hushindana pasipo husuda na hucheka kwa pamoja wanapoulizwa jambo ambalo lingeweza kuwatenganisha. Zaidi ya hayo, Plato amelikata swali la wema katikati. Tunajua kwamba hubishana juu ya umri na ukoo. Hatujui wangejibu nini kuhusu haki na hekima. Pengo hilo halikutokea kwa nasibu. Majadiliano yote yanayofuata ni jaribio la kulijaza.

Hoja zenyewe huenda zikituvunja moyo. Socrates anamwonyesha Lysis kwamba wazazi wake, japo wanampenda, hawamruhusu kuendesha gari la farasi wala la nyumbu, wala kugusa vifaa vya mama yake vya kufumia. Hata mtumwa ana mamlaka juu yake. Sababu ni kwamba hana maarifa ya mambo hayo. Tokeo lake ni la kutisha: ukiwa na hekima, watu wote watakuwa marafiki zako, kwa sababu utakuwa na faida na wema, usipokuwa nayo, hata baba yako hatakuwa rafiki yako. Hapa shtaka la Vlastos lina mahali pa kushika. Kisha hoja zinafuatana. Je, mwenye kufanana humpenda mwenziwe? Lakini anayefanana nami hawezi kunipa kitu nisichokuwa nacho. Je, mwema humpenda mwema? Lakini mwema, kwa kadiri alivyo mwema, amejitosheleza, na aliyejitosheleza hahitaji mtu. Je, asiye mwema wala mbaya huupenda wema kwa sababu ya ubaya uliomsibu, kama mwili unavyopenda tiba kwa sababu ya maradhi? Basi maradhi yakiondoka, mganga naye hapendwi tena.

Kila jibu linavunjwa, na mwisho wake hakuna jibu. Hata hivyo, tuangalie kinachotendeka hoja zinapovunjika. Menexenus anaporudi, Lysis anamnong'oneza Socrates amweleze na Menexenus yale aliyoambiwa yeye. Fundisho alilolipata hataki kubaki nalo peke yake. Menexenus anapokwama katika kujibu, ni Lysis anayeropoka kwamba njia waliyoishika haikuwa sawa, kisha uso unamwiva kwa haya. Socrates mwenyewe anakiri kwamba tangu utotoni, wakati wengine walitamani farasi, mbwa, dhahabu au vyeo, yeye alitamani kupata rafiki. Mwishoni watumwa walezi wa vijana hao wanafika wakiwa wamekunywa katika sikukuu, wanaita kwa lafudhi yao ya kigeni na kuwaamuru warudi nyumbani kwa kuwa jua limekuchwa. Socrates anawaambia vijana wakiondoka kwamba watu watawacheka: wanajidhania kuwa marafiki, yeye akiwemo, ilhali hawajaweza kugundua rafiki ni nini.

Neno hilo, yeye akiwemo, ndilo linalobeba uzito wote. Mwanzoni wapo marafiki wawili. Mwishoni wapo watatu. Hakuna manufaa yaliyopatikana, hakuna fasili iliyopatikana, na hakuna aliyemsifu mwenziwe. Kilichotokea ni kwamba watu watatu wametafuta jambo jema kwa pamoja na kushindwa kwa pamoja. Hoja imeshindwa kueleza kile ambacho tukio limekionyesha. Msomaji anayezitafuta hoja tu ataufunga ukurasa mikono mitupu, na atamshtaki Plato kwa baridi ambayo tamthilia yenyewe inaikanusha.

Aristotle: Wakati na Chumvi

Aristotle alifika Akademia mwaka wa 367 K.K. akiwa kijana wa miaka kama 17, akakaa humo hadi Plato alipofariki mwaka wa 347 K.K. Katika Maadili, vitabu viwili kati ya kumi anavitenga kwa suala la urafiki, nafasi kubwa kuliko ile aliyoipa haki. Maswali ya Lysis yamo humo karibu yote, lakini wahusika, kicheko na watumwa walezi wameondoka. Je, mwandishi wa risala anawezaje kufidia upungufu huo?

Kwanza anagawanya. Vitu vipendwavyo ni vitatu: chenye manufaa, chenye kuleta raha, na kilicho chema. Kwa hiyo urafiki nao ni wa aina tatu. Wazee, asema, huelekea urafiki wa manufaa. Vijana huelekea urafiki wa raha, nao huanza na kukoma upesi, wakati mwingine katika siku moja. Aina hizi mbili hukatika kwa wepesi kwa kuwa anayependwa hapendwi kwa jinsi alivyo, bali kwa kile anacholeta. Wahakiki wamebishana kama Aristotle anaziona aina hizi mbili kuwa ubinafsi mtupu. John Cooper, katika makala yake ya mwaka wa 1977, alitetea rai kwamba hata katika aina hizo mna kiasi cha kumtakia mwenzio heri kwa ajili yake mwenyewe. Sisi tunaiafiki rai hiyo kwa sehemu, lakini mzozo huo haugusi kiini cha swali letu, ambacho kimo katika aina ya tatu.

Urafiki wa wema, asema Aristotle, ni adimu kwa sababu watu wa namna hiyo ni wachache, na pia kwa sababu unahitaji muda na mazoea. Anaikumbuka methali ya Wayunani kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Katika Maadili ya Eudemus anaitaja methali hiyo kwa kipimo chake, medimno moja ya chumvi, yaani zaidi ya lita 50. Hebu tufikirie maana yake. Chumvi huliwa kwa chembe. Pishi kadhaa za chumvi ni maelfu ya milo. Hamu ya kuwa rafiki huja upesi, asema, lakini urafiki wenyewe hauji hivyo.

Hapa ndipo tunapouona ufunguo. Kama rafiki angekuwa jumla ya sifa njema, ingetosha kuzijua sifa hizo ili kumpenda, na kila mwenye sifa bora zaidi angestahili kuchukua nafasi yake. Lakini chumvi iliyokwisha kuliwa haiwezi kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Wema wa rafiki yangu si kitu ninachokitazama kwa mbali kama sanamu; nimeushuhudia ukitendeka, na baadhi yake tumeutenda pamoja. Katika sura ya mwisho ya kitabu cha tisa, Aristotle anasema kwamba marafiki hutaka kuishi pamoja katika lile jambo kila mmoja analolithamini zaidi: wengine hunywa pamoja, wengine hucheza kamari, wengine huwinda, wengine hufalsafa. Walio wema huzidi kuwa wema kwa kushirikiana na kusahihishana. Mwanafalsafa anaposema katika kitabu hichohicho kwamba kuishi pamoja kwa binadamu ni kushiriki mazungumzo na fikra, tofauti na ng'ombe wanaolishwa mahali pamoja, amekieleza kwa sentensi moja kile kilichotendeka katika uwanja wa mieleka wa Lysis.

Ushahidi zaidi upo katika mjadala wake juu ya rafiki aliyeharibika tabia. Iwapo wema ndio uliokuwa msingi, nao umeondoka, je, urafiki uvunjwe papo hapo? Aristotle anakataa. Maadamu anaweza kurekebika, kumsaidia kuiokoa tabia yake kunapasa kuliko kumsaidia kuiokoa mali yake. Na hata asiporekebika, tukalazimika kuachana naye, ni lazima tumtendee kwa namna inayotofautiana na tunavyomtendea mgeni, kwa ajili ya urafiki uliokuwapo. Mtu anayependa sifa tu hangekuwa na deni lolote kwa aliyepungukiwa sifa.

Wanaoachwa Nje

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauwezi kuishia katika sifa. Ni nani anayepewa nafasi ya kula chumvi hiyo? Aristotle anasema kwamba hakuna urafiki na mtumwa kwa kadiri alivyo mtumwa, kwa kuwa mtumwa ni chombo chenye uhai. Mara anaongeza kwamba urafiki naye unawezekana kwa kadiri alivyo mtu. Sentensi hizo mbili haziwezi kukaa pamoja kwa amani, kwa sababu mtumwa na mtu si viumbe wawili. Kama anastahili kuwa rafiki kwa utu wake, basi kumfanya chombo ni dhuluma, na Aristotle hakuwa tayari kulikiri hilo. Plato naye hana jibu, lakini tamthilia yake angalau inawasikilizisha: sauti za mwisho zinazouvunja mkutano ni za watumwa, nao ndio walioamua lini mazungumzo juu ya urafiki yamekwisha.

Kuhusu wanawake, Aristotle anakubali kwamba urafiki wa mume na mke unaweza kuwa wa wema ikiwa wote wawili ni wema. Lakini anapotaka kuthibitisha kwamba urafiki umo katika kupenda kuliko kupendwa, hatoi mfano wa raia wa Athens. Anatoa mfano wa akina mama wanaowatoa watoto wao walelewe na wengine, wakaendelea kuwapenda pasipo kutarajia kupendwa wala kujulikana. Mfano bora kabisa wa upendo usiodai malipo unatoka kwa watu ambao nadharia yenyewe haikuwaweka katikati. Hivi ni kusema kwamba nadharia ilikuwa pana kuliko jamii iliyoizaa.

Shairi la Hermias

Plato alipofariki, Aristotle alihamia Assos kwa mwaliko wa Hermias, mtawala wa Atarneus, akamwoa Pythias, jamaa wa Hermias. Mnamo mwaka wa 341 K.K. Hermias alikamatwa kwa hila na kuuawa na Waajemi. Aristotle alimtungia shairi. Baadhi ya waandishi wa kale wanadai kwamba Hermias aliwahi kuwa mtumwa. Ikiwa habari hiyo ni ya kweli, basi maisha ya mwanafalsafa yaliisahihisha risala yake.

La ajabu ni kwamba shairi halimsemeshi Hermias. Linausemesha Wema, kwa sura ya mwanamwali ambaye wanadamu humpata kwa taabu, na ambaye kwa ajili yake Heracles alihangaika na Achilles akafa. Katika safu hiyo ya mashujaa, mtunzi anamweka mwana wa Atarneus bila hata kumtaja kwa jina lake, kisha anamalizia kwa kuuenzi urafiki uliodumu. Msomaji wa haraka angesema shtaka la Vlastos limethibitika: mtu amemezwa na wema. Sisi tunalisoma kinyume. Linganisha na mashairi ya Hippothales, yaliyosifu farasi na ukoo. Aristotle hasifu alichokuwa nacho Hermias. Anasifu kile ambacho wote wawili walikuwa wakikitafuta. Hatazami uso wa rafiki. Anatazama upande uleule ambao rafiki alikuwa akiutazama, naye rafiki hayupo tena kando yake.

Shairi hilo halikumwacha salama. Baada ya kifo cha Alexander mwaka wa 323 K.K., Aristotle alishtakiwa Athens kwa kukufuru, na miongoni mwa ushahidi lilikuwa ni shairi hili, lililodaiwa kumpa binadamu heshima ya mungu. Alikimbilia Chalcis, akafa huko mwaka wa 322 K.K. Kwa washtaki wake, kumpenda mtu mmoja kiasi hicho kulikuwa hatia. Ni vigumu kudai kwamba mtu huyo alipenda sifa tupu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wema na upekee wa rafiki havipingani ikiwa wema utaeleweka kama tendo linalotendwa pamoja kwa muda mrefu. Socrates alishindwa kulisema jambo hili katika hoja, lakini Plato alilionyesha katika tukio. Aristotle alilisema katika risala, kisha akalilipia kwa shairi. Mwanafunzi wa fasihi anapaswa kuchota funzo hapa: falsafa iliyovuliwa fani yake hupoteza sehemu ya ukweli wake. Na sisi tunaolitumia neno rafiki kila siku tukumbuke kwamba kabla ya kumaanisha anayetufaa, lilimaanisha tunayesafiri naye. Safari ndiyo inayomtofautisha na wema wengine wote ambao hatukuwahi kutembea nao.